Kisigino cha Pacha

Kwa kusimulia mapenzi, toka Kunduchi mpaka Mbagala hayupo mwanamke wa kunishinda. Ndoa tatu zimefungwa kwa utamu wa mdomo wangu huu. Mbili kati ya hizo zilikuwa zangu mwenyewe, na zote mbili zilivunjika kwa mdomo huo huo. Kwa hiyo msinitegemee mie sana. Mtegemeeni Filomena, maana yaliyomkuta yeye hayana haja ya fundi wa kuyapamba.

Filomena alikaa Temeke kwa shangazi yake, Anastasia, nyuma ya ua wa makuti. Wakati ule Mwingereza bado yupo, na Temeke ilikuwa mihogo na mikorosho, nyumba moja hapa na nyingine kule, na watu walisalimiana kwa kupaza sauti. Jumapili ikifika, vijana walikwenda uwanjani kucheza mpira peku, bendeji wamejifunga vifundoni, na jioni walirudi, huyu anachechemea, yule kabebwa kwenye baiskeli.

Msichana alitoka kusini, upande wa Masasi. Kule alifanya kazi hospitali ya misheni, akimsaidia Sista mmoja Mzungu aliyewanyoosha miguu askari waliorudi kutoka vita vya Burma. Sista yule hakuamini dawa ya kulala. Alikuwa akisema, "Mguu ulioumia ni kama mtoto mvivu. Ukiuacha ulale, utalala mpaka uzeeke. Upe kazi." Akaupa kazi kweli. Askari mzima, mwenye nishani kifuani, alikalishwa kibarazani aokote kunde kwa vidole vya miguu, moja moja, azitie kwenye kopo. Filomena alitazama, akashika. Aliposhika sawasawa, Sista akaitwa kwao Ulaya, na Filomena akapandishwa meli kuja kwa shangazi.

Shangazi Anastasia alipousikia ujuzi huo alicheka hata akakaa chini.

"Uwaambie wanaume wa mjini waokote kunde kwa miguu?"

"Ndiyo, shangazi. Kifundo kinapata nguvu."

"Mwanangu, hapa mguu ukitenguka haushikwi na mtu wa hivi hivi. Hushikwa na mama aliyezaa pacha, au aliyezaliwa pacha. Akikukanyaga na kisigino chake, ndiyo umepona. Wewe hujazaa. Basi ulizaliwa."

"Nilizaliwa na nani, shangazi?"

"Na mwenzio. Alikufa mchanga. Mungu amrehemu."

Hapo akapiga ishara ya msalaba kwa huzuni kubwa, mpaka Filomena mwenyewe machozi yakamlengalenga kwa ajili ya pacha ambaye hakupata kulilia ziwa hapa duniani.

Huo ndio uwongo wenyewe, na ulikuwa uwongo wenye faida. Wachukuzi wa bandarini walikuja, wapanda baiskeli walikuja, wacheza mpira ndio usiseme. Filomena alimkanyaga mtu kifundoni kwa kisigino, polepole, kama anayekanyaga yai, na shangazi nyuma ya mlango akinong'ona maneno ambayo hata yeye hakuyajua. Baada ya hapo mgonjwa aliambiwa lolote akalifanya. Okota kunde, akaokota. Andika jina lako hewani kwa kidole gumba cha mguu, akaandika, na asiyejua kuandika akachora duara. Pacha kasema, nani abishe?

Ndipo akaletwa Albano.

Albano alikuwa winga wa kulia wa Radi ya Keko, na siku nyingine alikuwa mchonga vinyago, kazi aliyoachiwa na marehemu baba yake. Wazee wake nao walitoka kusini. Alikuwa akimpita beki mmoja mkubwa, mguu ukaingia shimoni, akaanguka. Kifundo kilivimba kama papai. Wenzake wakasema pale kwenye shimo wapinzani wamefukia kitu. Shimo lilichimbwa na panya, kila mtu wa Keko alilijua, lakini ukishindwa mpira unataka mtu wa kumlaumu, na panya hana timu.

Alipokalishwa mkekani, kauma meno, aliinua macho akamwona Filomena. Filomena naye akamwona. Shangazi, aliyekuwa akichungulia mlangoni, aliwaona wote wawili, akarudi jikoni kupunguza sukari kwenye chai, maana alijua huyu atakuja mara nyingi.

Alikuja mara nyingi kweli. Kwanza kunde. Halafu kuandika hewani, na Filomena alikuwa akiyasoma maandishi yale yasiyo na wino, akagundua siku moja kwamba Albano haandiki tena jina lake mwenyewe. Halafu kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kimefungwa kwenye nguzo, mguu ukivute huku na ukivute kule. Halafu kusimama kizingitini kwa ncha za vidole, kupanda na kushuka. Halafu kusimama kwa mguu mmoja juu ya mto wa usufi. Mwisho ubao. Albano aliuranda mwenyewe, wa mninga, na chini yake ukawekwa mchi wa kinu wa Shangazi Anastasia, ulale kama gogo, ubao ucheze juu yake kama mtumbwi. Kila jioni shangazi alikuwa akiulizia mchi wake, na kila jioni kisamvu kilichelewa.

Sasa ilikuwa Alhamisi, jua limeinama. Jumapili Radi ya Keko inacheza na vijana wa Ilala, na bwana mmoja wa shamba la mkonge la Tanga anakuja kutazama. Yeye akimpenda mchezaji humpa kazi, nyumba na jezi. Albano alikuwa juu ya ubao, mguu mmoja, macho kafumba.

Kazi ya Filomena ilikuwa kusimama mbele yake, mikono wazi, amdake akianguka. Lakini Albano haanguki tena. Siku za mwanzo alikuwa akianguka kila mara, anamwangukia begani na jasho lake na vumbi lake la mpingo, na Filomena akimkemea, asijue kumbe zile ndizo zilikuwa siku za raha. Leo mikono yake imekaa wazi, mitupu, mbele ya mwanaume aliyesimama imara kama mlingoti. Hakuna mwalimu aliyewahi kuuchukia uhodari wa mwanafunzi wake namna ile.

Faida moja tu ilibaki. Akifumba macho yeye, Filomena hufumbua ya kwake. Akaanza na nyusi. Akashuka kwenye kovu dogo kidevuni, la patasi, akafika shingoni, akakaa hapo.

"Unanitazama," alisema Albano, macho bado kayafumba.

"Natazama mguu."

"Mguu uko chini, Filo. Sauti yako inatokea huku juu."

"Nyamaza, utaanguka."

"Nikianguka utanidaka?"

"Nitamwita shangazi akudake."

"Mie sidaki mtu," sauti ya shangazi ikatoka jikoni. "Nina vitumbua motoni."

Albano akacheka, ubao ukatikisika, kifundo kikayumba kidogo, kikajirudisha chenyewe. Filomena alikiona kikijirudisha. Hakuna aliyekiambia. Ndicho alichokuwa akikisema Sista, kwamba ipo siku kifundo kinapata akili zake, na siku hiyo kazi yako imekwisha. Moyo wa Filomena ukafanya kinyume cha kifundo. Uliyumba, haukurudi.

"Shuka," alisema. "Sasa uruke kwenye vijiti."

Akaruka kwa mguu ule ule, kijiti hadi kijiti, kwenda na kurudi. Akakimbia akizunguka michungwa miwili ya uani, huku na huku, akikata kona kama anampita beki. Kuku wa shangazi wakatawanyika. Aliposimama alikuwa akihema, anatabasamu. Filomena alikuwa hatabasamu.

"Umepona," alimwambia.

"Sijapona."

"Umepona, Albano. Mie ndiye ninayejua."

"Kuna mahali panauma."

"Wapi? Nionyeshe."

"Si hapa. Pananiuma nikifika pale njia panda, inapokata kwenda Keko. Nikishakata tu, panaanza. Naumwa mpaka asubuhi."

Filomena akainama haraka, akajifanya anaokota vijiti.

"Hayo maumivu sina zoezi lake," alisema akiwa chini.

"Wewe huna, nani anayo?"

"Kaa, nikufungue bendeji."

Akakaa mkekani, akanyoosha mguu. Filomena akapiga magoti, akatafuta ncha ya bendeji. Bendeji ile ilikuwa ndefu, imefuliwa hata imekuwa rangi ya chai, naye aliifungua taratibu, mzunguko mmoja, akapumzika, mzunguko mwingine, akapumzika, kama maskini anayekula muwa wa mwisho. Hakuna aliyemharakisha. Kitambaa kilipoisha, mkono wake ukabaki juu ya kifundo, na kifundo hakikuondoka.

"Nimemwambia mama habari zako," alisema Albano.

Mkono ukatulia.

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia nikipata kazi Tanga, sitaki kwenda na sanduku tu."

"Akasemaje?"

Albano akatazama pembeni. "Kasema mguu alikupa uutengeneze. Hakusema ubaki na mwenye mguu."

Filomena aliuondoa mkono. "Ana sababu gani? Kwetu kumoja, kanisa moja. Au kwa sababu nashika miguu ya wanaume?"

"Hapana. Hilo analisifu. Ni kwa sababu ya mwenzio."

"Mwenzangu yupi?"

"Marehemu, Filo. Pacha wako."

 Filomena alikuwa amemsahau kabisa. Siku hizi hata kukanyaga hakanyagi, na marehemu yule alikuwa ameanza kumtoka kichwani kama jina la mtu mliyepanda naye meli.

"Mjomba wangu Apolinari," Albano aliendelea kwa sauti ya chini, "alioa pacha aliyefiwa na mwenzie. Mwaka haukuisha, nazi ikamwangukia."

"Nazi huangukia watu."

"Ndivyo nilivyomwambia. Akaniambia, imwangukie yeye tu, siku ya upepo mtulivu? Mama anasema pacha aliyebaki huvutwa na mwenzie aliyetangulia. Sasa anayelala ubavuni mwake ndiye anayeanza kuvutwa. Anasema hawezi kunizika kwa ajili ya harusi."

Kicheko kilimpanda Filomena kifuani, na machozi yakampanda humo humo. Mama wa watu anamwogopa mtoto ambaye hajawahi kuzaliwa. Neno moja tu lingemwondoa. Aseme, "Albano, mie si pacha," na ukuta wote ule uanguke, mama apoe, padri aitwe. Alijilamba midomo.

"Albano, nina neno."

"Ngoja kwanza nimalize mie, maana nikinyamaza sitaanza tena." Alijisogeza, magoti yake yakakaribia yale ya msichana. "Siku ile waliponileta, sikuwa naogopa maumivu. Nilikuwa naogopa kwamba sitaukanyagia tena mguu huu bila kutazama chini. Mchezaji akitazama chini, kwisha habari yake. Wale wenzangu na habari zao za kufukia, nilikuwa nawacheka mdomoni, moyoni siwacheki. Ukanikanyaga na kisigino chako. Filo, nilisikia kitu kikitoka. Sijui nini, kilitoka. Tangu pale kila nikipanda ule ubao, nasema moyoni, huu umekanyagwa na pacha, hauna ruhusa ya kunidondosha. Jumapili nikikutana na beki nitasema hivyo hivyo." Akavuta pumzi. "Haya. Sema lako."

Mguu ule ulikuwa mapajani mwake, mzima, mwembamba, wenye vumbi. Filomena aliutazama. Alimkumbuka Sista akisema kwamba kifundo hupona mapema, mwenye kifundo ndiye anayechelewa. Amwambie leo, na Jumapili akifika kwa beki atazame chini? Amnyime Tanga ili ampate yeye? Na akimnyima Tanga, atampata kweli, au atapata mtu anayemtazama kila asubuhi kama mwizi?

"Sema, basi."

"Jumapili ufunge bendeji nyingine," alisema. "Hii imechakaa."

Albano alimtazama kwa muda. Si mjinga yule. Mchonga vinyago anajua gogo likiwa na kitu ndani.

"Hilo ndilo neno lenyewe?"

"Ndilo hilo."

"Filo, mie siendi Tanga bila wewe."

"Utakwenda."

"Nitakwenda nikafanye nini? Nikamchezee nani? Nikifunga goli nimtazame nani?"

"Utamtazama bwana mkonge. Yeye ndiye mwenye jezi."

"Unafanya mzaha."

"Nisipofanya mzaha nitalia, na shangazi anasikia."

"Shangazi hasikii," alisema shangazi jikoni.

Hapo hapo ikapigwa hodi. Si hodi ya mgonjwa. Hodi ya mgonjwa huja imechoka. Hii ilikuja imesimama wima, na kabla haijajibiwa akaingia mama mfupi, mkavu, mwavuli kwapani, kanga mbili za kwendea kanisani.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina," waliitika wote, na Albano akaruka kusimama kwa mguu ambao dakika ile ile alikuwa akidai haujapona.

"Mama! Umefuata nini huku?"

"Nimefuata njia. Haijaandikwa jina la mtu." Akamtazama mwanawe, akautazama mguu ule mtupu, akatazama mkeka, akaona magoti ya Filomena yaliyokuwa bado chini. "Ndiyo dawa yenyewe hii?"

"Shikamoo, mama," Filomena akasema, akanyanyuka na kupiga goti tena kwa heshima, hata akachanganyikiwa kati ya kusimama na kupiga goti.

"Marahaba, mwanangu. Simama vizuri nikuone." Mama Albano akamzunguka nusu, kama mtu anayenunua kiti. Macho yakashuka mpaka chini. "Ndicho kisigino chenyewe hicho?"

"Ndicho, mama."

"Kidogo. Nilidhani kikubwa."

Shangazi Anastasia akatoka mbio akijifuta unga, wakasalimiana kwa kirefu, za kwenu, za kwetu, za Masasi, nani kafa na nani kaoa. Kigoda kikaletwa, mgeni akakalishwa, shangazi akarudi jikoni kutengeneza chai. Filomena alibaki peke yake mbele ya mama yule, Albano kasimama kando ya mchungwa, hajui aweke wapi mikono.

"Mie si mtu wa kuzunguka," Mama Albano alianza. "Huyu mwanangu hali. Tangu nimkatalie, hali. Juzi nimempikia ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, akautazama kama anatazama picha ukutani. Nikamwambia, kula, utachezaje? Akasema, nitacheza tu. Usiku namsikia anageuka, kitanda kinalia kriu, kriu. Nimezaa watoto sita, amebaki huyu. Nilikuwa naogopa marehemu wako atamvuta. Sasa naona hata kabla hajakuoa, anakwenda mwenyewe."

"Mama, nisamehe," alisema Filomena.

"Nikusamehe nini? Umezaliwa wawili, ulichagua wewe?"

Filomena akainamisha kichwa.

"Nikaenda kwa padri. Nikamwambia, baba, mambo ni hivi na hivi. Padri akasema hayo ya kuvutwa ni upuuzi. Nikamwambia sawa, baba, upuuzi, lakini kaka yangu Apolinari kaburi lake liko wapi? Akanyamaza. Halafu akasema, mama, kama moyo wako hautulii, tumsomee misa mtoto huyo. Misa haijamdhuru mtu. Akitulia huko aliko, atakuwa na haja gani ya kuvuta watu?" Mama Albano akaukunjua mwavuli, akaukunja tena. Filomena alipomwona akifanya hivyo, akajua jinsi mwanamke huyu alivyohangaika mpaka kufika kwenye kigoda kile. "Nikakubali. Misa ni Jumamosi asubuhi. Ikishasomwa, mie sina kinyongo. Nitakuja na wazee, tutazungumza kama watu."

 Albano akamtazama Filomena tu, uso mzima umemfunguka. Katika siku zote za kunde na ubao, hata siku aliyokanyaga chini mara ya kwanza bila kuuma meno, hakuwahi kuwa na uso ule. Filomena aliuona, akaona na nyumba ya Tanga, na chungu juu ya mafiga, na huyu anarudi jioni na matope ya uwanjani. Vyote vilikuwa pale, hatua moja mbele, mlango umeachwa wazi.

"Kimebaki kitu kimoja," alisema Mama Albano. "Padri anataka jina la ubatizo la marehemu."

Kuku mmoja alipita katikati yao bila haraka.

Filomena alijiambia, Jumapili jioni. Mpira ukiisha tu, bwana mkonge akishasema ndiyo, nitamwita Albano pembeni nimweleze, nitakwenda kwa padri niungame, nitapiga magoti mbele ya mama huyu mpaka mawe yaniingie. Lakini Jumapili jioni, si leo. Leo mguu bado unamhitaji pacha. Akatafuta jina, na likaja la kwanza lililopita, la mzee aliyekuwa akipiga kengele ya misheni kwao.

"Fransis," alisema.

"Fransis." Mama Albano alilirudia kwa upole, kama anamfunika mtoto. "Wa kiume, kumbe. Maskini. Mungu amlaze pema."

"Amina," alisema Albano kule mchungwani, na lile amina lilimchoma Filomena kuliko yote.

Wakati huo Shangazi Anastasia alikuwa anakuja na sinia, vikombe na vitumbua vya moto. Kelele za mafuta zilikuwa zimemnyima mazungumzo, na hakuna kitu shangazi yule alichokichukia kama mazungumzo yaliyompita.

"Haya, mama, karibu chai. Mlikuwa mnamzungumzia nani?"

"Marehemu wenu," alisema Mama Albano, akipokea kikombe. "Tunamsomea misa Jumamosi, ili hawa watoto wapate kuoana kwa amani."

Furaha ilimpiga shangazi usoni kama maji. Filomena alimkonyeza, akamtolea macho, akakohoa. Lakini Shangazi Anastasia katika uwongo alikuwa mtu wa kutangulia mbele, hajawahi kusubiri mwenzake afike. Aliitua sinia, akaushika moyo kwa mkono.

"Aah, ahsante, mama. Mungu akubariki. Prisila wetu, maskini wa Mungu. Hajawahi kuombewa hata siku moja. Na alivyokuwa mzuri, vishimo mashavuni, nywele mpaka hapa."

Kikombe cha Mama Albano hakikufika mdomoni.

"Prisila?"

"Prisila, mama. Ndiye aliyetangulia kutoka. Huyu wetu akamfuata."

 Mama Albano alirudisha kikombe kwenye sinia, taratibu, kikae sawa. Akainua mkono wake, akakunja kidole kimoja.

"Fransis," alisema. Akakunja cha pili. "Na Prisila." Halafu akavitazama vile vidole viwili, akamtazama na Filomena, akavihesabu tena. "Kumbe mlizaliwa watatu."

"Watatu!" Shangazi Anastasia alidaka hapo hapo, jasho linamtoka. "Watatu, mama. Hatupendi kulisema, unajua tena macho ya watu."

Filomena hakumtazama shangazi. Alimtazama Albano, kwa kuwa ndiko mahali pekee alipoogopa kutazama. Albano alikuwa kakunja uso, anasikiliza, anaunganisha, Fransis, Prisila, kisigino, na kidogo kidogo yule pacha aliyemtoa kitu mguuni alikuwa anamporomoka kichwani mwake. Ilionekana wazi. Lakini chini ya hayo yote, bila mwenyewe kujua, alikuwa kasimama kwa mguu mmoja, kama alivyozoeshwa kusimama kila anapongoja jambo. Ule ulioumia. Mwingine kauegemeza gotini, mikono haikushika mchungwa. Na kifundo kilikuwa hakitikisiki.

Filomena akashusha pumzi iliyomkaa kifuani tangu siku alipofanywa pacha.

"Mmoja, mama," alisema. "Nilizaliwa peke yangu."